Bonde la Msimbazi: Fedha za Umma na Haki ya Mwenye Nyumba

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Bukundi, wilaya ya Meatu



Kati ya Bukundi na Jangwani kuna safari ndefu ya basi. Huku wilayani Meatu mito mingi hukauka wakati wa kiangazi, na watu huchimba mchangani kutafuta maji. Kule Dar es Salaam Mto Msimbazi hufurika hadi ukaifunga Barabara ya Morogoro, mabasi yaendayo haraka yakasimama, na wafanyakazi wakavua viatu ili wavuke. Kwa hiyo mtu aweza kuuliza, na ni haki yake kuuliza, mkulima wa pamba wa Bukundi anahusika vipi na bonde la mto ambao pengine hatauona maishani mwake.

Anahusika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mfuko wake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, na nchi za Hispania na Uholanzi nazo zikatia mkono. Mkopo wa Serikali haulipwi na wakazi wa Jangwani peke yao. Hulipwa na Hazina, na Hazina hujazwa na kila anunuaye sabuni na sukari, awe Upanga, awe Mwanhuzi. Njia ya pili ni ardhi yake mwenyewe. Kanuni za fidia zinazompima mwenye nyumba wa Msimbazi ndizo zitakazompima mkulima huyu siku barabara, bwawa au hifadhi itakapofika shambani kwake. Yanayokubaliwa kimya kimya Dar es Salaam hufika Meatu yakiwa yamekwisha kuwa desturi.

Yafaa kwanza kuueleza mto wenyewe. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya mitaa yenye watu wengi, hukatiza Jangwani nyuma ya Kariakoo, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Ni mto mfupi. Lakini vilima vya Pugu vimepungukiwa miti, mchanga umechimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi, takataka za mji zimetupwa humo, na ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa kwa saruji na mabati. Maji yaliyokuwa yakitumia siku nzima kufika Jangwani sasa hufika kwa saa chache, nayo huja na tope. Tope huziba chini ya daraja, huchotwa, huziba tena. Mto wenyewe umekuwa ukihama, ukila ukingo huu na kujaza ule.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini ya jiji. Baadhi walikaa, wengine walirudi bondeni, kwa kuwa mtu anayeishi kwa kuuza samaki wa kukaanga Kariakoo hawezi kula kiwanja kilicho mbali na Kariakoo. Desemba 2015 zikaja tingatinga. Nyumba zilizopigwa alama ya X kwa rangi nyekundu zilianza kubomolewa, wenyewe wakiwa wamesimama pembeni na magodoro, na mambo yakaishia mahakamani kabla ya kusimama mwanzoni mwa 2016. Na mwaka huo huo wa 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi, karakana yake kubwa ikiwa imejengwa pale pale Jangwani, katika bonde lile lile, kwa fedha za umma. Karakana hiyo imefurika mara kadhaa. Makao makuu ya klabu ya Yanga, ambayo nayo yako Jangwani, hayahitaji kutajwa: kila mpenzi wa mpira nchini amekwisha kuona picha za maji mahali hapo.

Mradi wa sasa unalenga kuupanua na kuusafisha mto, kujenga daraja refu na la juu pale Jangwani, kuihamisha karakana, na kuligeuza bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Aidha, mpango uliotolewa 2019, ambao ndio msingi wa mradi, ulipendekeza kwamba udongo utakaochimbwa utumike kuinua baadhi ya maeneo ya pembeni ili yaweze kujengwa. Kwa kusudi hilo zaidi ya nyumba elfu mbili zimepaswa kuondoka.

Hapa ndipo penye mzozo. Nao si mzozo kati ya watu wema na watu wabaya.

Wapo wasemao kwamba mkazi wa bondeni ni mvamizi tu, na kwamba kumlipa ni kumzawadia kosa. Hoja yao haifai kudharauliwa. Mpango mkuu wa jiji la Dar es Salaam wa 1979 ulikwisha kuonyesha kwamba mabonde ya mito si mahali pa kujenga makazi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa inayoweza kutangazwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu katika mita hizo hizo. Mwalimu aliyenunua kiwanja kilichopimwa, akakilipia kwa mkopo miaka kumi, ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imlipe mtu aliyejenga bila ruhusa mahali palipokatazwa. Na kuna jambo zito zaidi: kama kila anayejenga mtoni atalipwa thamani kamili ya kiwanja, mabonde mengine yatajazwa nyumba kabla ya saruji ya daraja la Jangwani kukauka.

Lakini hoja hiyo ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba sheria haisemi tu kuwa ardhi ni hatarishi. Inaweka pia utaratibu wa kuitangaza hivyo, waziri akiwajulisha waliomo na kuwasikiliza kabla ya kuitangaza. Mita 60 nazo zinapimwa kutoka ukingo upi? Mto umehama. Wapo waliojenga mbali na maji, na baadaye maji yakawafuata, yakisukumwa na mchanga na saruji ambayo si wao walioileta. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba aliufuata mto ni kupindua ukweli.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mvamizi hujulikana kwa kufichwa au kufukuzwa. Mkazi wa bondeni hakufichwa wala hakufukuzwa kwa miaka mingi. Alikuwa na mwenyekiti wa mtaa aliyechaguliwa kwa kura yake. Aliandikishwa kupiga kura, alihesabiwa katika sensa, na watoto wake walisomeshwa na walimu wa Serikali. Umeme ulimfikia, na tangu 2021 kila nyumba yenye mita ya LUKU hukatwa kodi ya majengo mtu anaponunua umeme. Mashine haiulizi kama nyumba iko bondeni au mlimani. Dola inayochukua kodi ya jengo mwezi hadi mwezi haiwezi, siku ya kubomoa, kudai kwamba jengo hilo halikuwapo. Angalau inadaiwa maelezo.

Ndiyo maana mradi wa sasa umeanza kwa namna iliyo tofauti na ile ya 2015, na tofauti hiyo inastahili sifa. Nyumba zilithaminiwa kwanza na malipo yalianza 2023, kabla ya kazi kubwa. Hata hivyo, haifai kusahau kwamba sehemu ya utaratibu huo imetokana na masharti ya mkopeshaji. Kanuni za Benki ya Dunia zinataka mtu asiye na hati yoyote alipwe nyumba yake na asaidiwe kupata makazi mengine, na kwamba alipwe kabla ya kuhamishwa. Kwa ardhi yenyewe, kanuni hizo haziwalipi wasio na haki inayotambuliwa na sheria. Zinawapa msaada wa kuhama badala yake. Ni jambo la kusikitisha kwamba raia wa nchi huru alitendewa vizuri zaidi fedha zilipokuwa za mgeni kuliko zilipokuwa za kwake mwenyewe.

Suala la ardhi ndilo lililobaki kuwa mfupa. Nyumba ya vyumba vinne ya matofali, baada ya uthamini kuondoa uchakavu, haimpi mtu nyumba nyingine, kwa sababu mahali pengine atatakiwa kununua kwanza kiwanja. Na wapangaji? Sheria ya nchi haina la maana la kuwaambia. Mama lishe wa kandokando ya barabara, fundi gereji, mkulima wa mchicha anayemwagilia asubuhi na kuuza jioni, wote hawa wanaishi kwa bonde bila kuwa na jengo la kuthaminiwa.

Swali hili la ardhi isiyo na jengo, ndugu walimu, linaijua Bukundi vizuri. Katika miaka ya Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu wa mkoa wa Shinyanga, ambao Meatu ilikuwa sehemu yake hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa 2012, waliacha matongo yao na kuhamia vijijini. Tongo ni nini machoni pa mthamini? Hakuna paa wala ukuta, kuna mkwaju, makaburi na udongo wenye rutuba ya mavi ya ng'ombe. Kadhalika ngitili. Tangu 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, uliwahimiza wananchi kurudia desturi yao ya kutenga malisho yafungwe wakati wa masika na kufunguliwa wakati wa kiangazi, na maelfu ya hekta yaliyokuwa makavu yakaota miti tena. Mtu asiyejua akipita ataona pori. Mwenyewe anaona kazi ya miaka.

Mahakama ya Rufani iliwahi kulijibu jambo hili. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa kijiji cha Kambi ya Simba katika mkoa wa Arusha wa wakati huo, walipoteza shamba lao katika Operesheni Vijiji, wakalidai mahakamani 1987, wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za mila za namna hiyo na kuzuia mashauri yake. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, na hukumu yake ya 1994 ikasema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba hata pasipo na jengo, mtu aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikafuata nyayo hizo: ardhi ina thamani, na anayeondolewa anastahili fidia kamili, ya haki, na ya haraka. Wapo watakaosema kwamba Akonaay alikuwa na haki ya kimila na mtu wa bondeni hana. Ni kweli, na ndiyo sababu malipo yao hayawezi kulingana. Lakini hukumu ile iliweka msingi kwamba jasho lina thamani yake lenyewe, mbali na hati. Na msingi huo haukuwekwa kwa ajili ya mashamba ya Arusha tu.

Sasa lifikiriwe upande wa pili wa hesabu, ule ambao watu wengi hawaugusi.

Ardhi ya Jangwani leo ni ya bei ndogo kwa sababu ya mafuriko. Mto ukipanuliwa, daraja likiinuliwa, bustani ikioteshwa, kiwanja kilicho dakika chache kutoka Kariakoo, kavu na kinachotazama bustani, kitakuwa miongoni mwa viwanja ghali kabisa Afrika Mashariki. Thamani hiyo mpya haikuletwa na mkazi wa zamani. Haikuletwa wala na mjenzi mpya. Imeletwa na mkopo ambao mkulima wa pamba ataulipa. Ndiyo maana Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inataka ardhi inayotwaliwa ithaminiwe kwa thamani ya siku ya tangazo, bila kujali maendelezo ya baadaye. Mkazi hulipwa bei ya jana. Akiuliza kwa nini asilipwe bei ya kesho, hujibiwa kwamba bei ya kesho ni mali ya umma.

Jibu hilo ni sahihi. Wazo hilo ni la zamani katika nchi hii. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuingiza umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu chake Mali ya Taifa kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa moja kwa moja zilizorithiwa kwa wakoloni zikageuzwa kuwa ukodishaji wa Serikali, na 1969 ukodishaji huo ukawa haki ya kumiliki kwa muda. Hadi leo ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake.

Lakini jibu hilo lina sharti. Ikiwa mkazi alinyimwa thamani ya kesho kwa hoja kwamba ni ya umma, basi kesho itakapofika iwe ya umma kweli. Eneo lililoinuliwa kwa udongo wa mto na fedha za mkopo likigawiwa kwa bei ya kirafiki kwa kampuni yenye ramani nzuri ya ghorofa thelathini, hoja yote huanguka. Hapo itakuwa imedhihirika kwamba thamani haikuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa watu wote, bali kutoka kwa maskini mmoja kwenda kwa tajiri mmoja, umma ukilipa gharama ya usafiri.

Hili si jambo la kubuni. Katika mji wa New London, nchini Marekani, halmashauri ilitwaa nyumba za mtaa wa Fort Trumbull, kando ya Mto Thames, ili pajengwe hoteli, ofisi na makazi mapya jirani na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Wenye nyumba waliokataa walikwenda mahakamani, na 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikasema kwamba maendeleo ya uchumi ni manufaa ya umma ya kutosha kumwondoa mtu nyumbani kwake. Wenye nyumba walilipwa, ni kweli. Lakini 2009 Pfizer ilitangaza kuondoka, na uwanja uliosafishwa ukabaki nyasi kwa zaidi ya miaka kumi. Kodi haikuongezeka, na mtaa haukuwapo tena. Majimbo mengi ya nchi hiyo yalibadili sheria zao baada ya hapo.

Wala hakuna haja ya kuvuka bahari. Ng'ambo ya feri tu, Kigamboni, Serikali ilitangaza 2008 kwamba patajengwa mji mpya, na wananchi wakazuiwa kuendeleza viwanja vyao. Miaka ikapita. Aliyetaka kuezeka chumba cha kijana wake hakuweza. Aliyetaka kuuza hakupata mnunuzi. Fidia haikuja wala mji wenyewe haukuja. Haki ya mtu juu ya nyumba yake inaweza kuuawa bila tingatinga hata moja, kwa tangazo tu lisilotekelezwa. Na Nairobi, baada ya mafuriko ya 2024, maelfu ya watu wa kando ya Mto Mathare walibomolewa ndani ya siku chache, wakaahidiwa shilingi elfu kumi za Kenya za kutafutia chumba. Usalama wa maisha ulikuwa sababu ya kweli. Haraka hiyo haikuwa lazima iwe ya namna ile.

Basi, ni nini kinachodaiwa katika bonde la Msimbazi? Si kwamba bonde liachwe. Mto lazima upewe nafasi yake, na fedha za umma zinazozuia vifo vya kila masika ni fedha zilizotumika vizuri kuliko nyingi nyinginezo. Kinachodaiwa ni kwamba maeneo yatakayoinuliwa yasiuzwe bali yakodishwe kwa muda maalumu kwa mnada wa wazi, pango lake likiingia katika mfuko wa kulipa mkopo na kuutunza mto, kwa kuwa tope halitaacha kuja eti kwa sababu daraja ni jipya. Kinachodaiwa pia ni kwamba sehemu ya majengo hayo iwe nyumba za kupanga za bei ya kabwela, na waliohamishwa, pamoja na wapangaji, wawe wa kwanza kuandikwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 kwa kazi ya aina hiyo hiyo.

Watumishi wa umma waliopo hapa wanajua kwamba maamuzi ya namna hii hayaharibiki katika hotuba. Huharibika katika jalada, pale mgao wa kiwanja unapopita kwa barua ya kurasa mbili isiyobandikwa popote. Kwa hiyo majina ya watakaopewa viwanja vya Jangwani, ukubwa wa kila kiwanja, muda wa ukodishaji na pango la mwaka vibandikwe ubaoni, Ilala na Kinondoni, na nakala ifike katika halmashauri za wilaya, Meatu ikiwamo, kama orodha ya waliofaulu mitihani inavyobandikwa ukutani mwa shule ili kila mzazi aisome mwenyewe.